Kivuli Hakisafirishwi

Kila ninapolitaja ua hili mbele ya watu wanaojua mambo ya mimea, hatakosekana wa kunituliza. "Lile? Lile haliwezi kupotea," ataniambia. "Limejaa madirishani dunia nzima." Husemwa kwa wema, na wanaolisema ni watu waliosoma. Nimelisikia kwa wageni na nimelisikia kwa wenyeji. Safari hii nimeamua kutonyamaza, maana maneno hayo ni ya uongo, na wanaolipia uongo huo si wale wanaoutamka.

Ua lenyewe ndilo lile ambalo Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika, na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mimi nitawafuata Wajerumani, ingawa, kama utakavyoona, si watu ninaowapenda sana katika kisa hiki. Hata kama hujui jina, huenda umeliona: mmea mdogo unaotosha kwenye kikombe, majani manene yenye manyoya laini yaliyopangwa duara, mabichi mwaka mzima, na katikati vishada vya maua ya zambarau yenye vijicho viwili vya njano. Huuzwa pembeni mwa barabara Dar es Salaam, kwenye makopo meusi, kando ya waridi na mikaktasi. Muuza miche mmoja aliniona nimelikodolea macho akanionya: "Hilo la kizungu, dada. Halitaki jua." La kizungu silo, lakini kuhusu jua alisema kweli tupu, na ukweli huo ndio uliobeba hoja yangu yote.

Kwanza tuliangalie linapoishi. Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita huko Kenya, inashuka kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Ni milima mikongwe sana, na misitu yake imekuwa ikinyeshewa na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kuliko akili inavyoweza kushika. Kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nyika kavu, kila mlima umekuwa kama kisiwa, na viumbe wake wamekua kivyao. Urujuani wa Usambara ni mmoja wa wakazi hao. Hauoti popote tu msituni. Unataka jiwe: ukuta wa mwamba ulioinama, gogo la jiwe kando ya kijito, ufa wenye udongo kiganja kimoja, mahali palipofunikwa na ukijani laini kama zulia na panapotiririka maji kidogo kidogo. Juu yake lazima pawe na miti, na juu ya miti hiyo miti mingine. Ukimwondolea paa hilo la majani, lile zulia la kijani hukauka kwanza. Halafu majani ya ua huungua na kuwa ya hudhurungi. Halafu hakuna kitu.

Kuna jambo jingine ambalo aliye dirishani hatalijua kamwe. Ua hili halina mbochi. Nyuki akija hapewi tone la tamu; anachokifuata ni chavua, nayo imefungiwa ndani ya vile vijicho viwili vya njano. Ili aipate, inambidi alishike ua na kutetemesha mwili wake kwa mvumo mpaka chavua imwagike kupitia tundu dogo. Isitoshe, kile kijiti kinachopokea chavua hakisimami katikati. Katika ua hili kimepinda kulia, katika lile kimepinda kushoto, kama watu wawili wanaotazamana kwenye kioo, ili chavua inayoshika ubavu mmoja wa nyuki ifike kwenye ua linalougusa ubavu huohuo. Huo ni mpango wa watatu: mwamba, nyuki na kivuli. Mmea ni sehemu yake ya nne tu.

Sasa twende dirishani. Huko mmea huu hauhitaji nyuki, kwa sababu unazalishwa kwa jani. Unakata jani moja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa vichipukizi vinatokea chini. Kila kichipukizi ni nakala ya mama yake, hakuna kilichoongezeka na hakuna kilichopungua. Ni tabia ya ajabu, na ndiyo iliyolifanya ua hili kuwa biashara kubwa. Katika miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kilipanda mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua aina kumi tu kutoka kwa miche mingi, na kutokana na hizo kumi pamoja na mizao yake Marekani ikashikwa na wazimu wa ua hili. Mwaka 1946 wapenzi wake wakaunda chama cha taifa. Leo aina zenye majina ni maelfu: za waridi, nyeupe, zenye pindo, zenye petali juu ya petali, zenye majani yenye madoa. Nani atakataa kwamba ni nzuri?

Lakini uliza zimetoka wapi. Sehemu kubwa ya jamii hiyo ya madirishani chimbuko lake ni mimea michache iliyochukuliwa karibu na Tanga na miteremko ya Usambara mwishoni mwa karne ya 19. Ile ya juu ya Nguru, ya Uluguru, ya kilima cha Mbololo huko Taita ambayo haioti kwingineko duniani, mingi haimo katika hesabu hiyo ya mamilioni. Wataalamu wenyewe bado hawajaafikiana kuhusu idadi. Waliwahi kuhesabu spishi karibu 20. Mwaka 2006 kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki kikazipunguza hadi 6, nyingine zikageuzwa nususpishi, na tangu hapo ubishi haujaisha. Sababu ya ubishi ni kwamba karibu kila korongo lina sura yake ya ua hili: jani lenye manyoya marefu hapa, jani linalong'aa pale, shina linalotambaa kule. Baadhi zinajulikana kutoka sehemu moja au mbili basi. Korongo hilo likikatwa miti, ua hilo limekwisha, na milioni za nakala za binamu yake kwenye madirisha ya Chicago hazitajua kwamba kuna msiba.

Kwa hiyo yule anayenituliza anafanana na mtu anayekwambia ukoo wenu hauwezi kwisha kwa sababu picha ya shangazi yako imechapishwa kwenye kalenda. Sisemi kwamba bustani za mimea zinazotunza mbegu na miche ya porini zifungwe. Zinafanya kazi ya maana, na siku ya mafuriko mtu hushukuru hata debe. Ninachokataa ni kuliita debe kisima.

Hapo ndipo wenzangu wa upande wa pili hushangilia. Enhe! Wametuibia! Basi nao niwaambie, kwa sababu faraja yao ni nyepesi vilevile.

Kisa cha kuchukuliwa kwa ua hili kinajulikana. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani. Vita vya Abushiri vilikuwa havijapoa. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Saint Paul-Illaire aliuona mmea huu kwenye miamba ya chokaa si mbali na mji wa Tanga, na tena juu zaidi msituni, akampelekea baba yake aliyekuwa mpenzi wa mimea. Mimea ikafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akaitangaza kwa ulimwengu wa sayansi kwa jina Saintpaulia ionantha. Sehemu ya pili ina maana ya ua linalofanana na urujuani. Sehemu ya kwanza ni jina la ukoo wa baba na mwana.

Kuna jambo moja kuhusu mtu huyu ambalo vitabu vya maua havilitilii maanani, nami siwezi kuliacha. Alikijua Kiswahili. Mwaka 1890 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili kwa ajili ya Wajerumani, *Suaheli-Handbuch*. Yaani huyu hakuwa mgeni bubu aliyekuwa akionyesha kidole na kutikisa kichwa. Alikuwa na lugha ya kumuuliza Mbondei au Msambaa aliyempeleka msituni: hili linaitwaje? linaota wapi tena? nani hulitumia, na kwa nini? Labda aliuliza, labda hakuuliza. Jina lililotoka upande wa pili wa bahari likawa lake.

Basi wizi upo? Wa jina upo, sibishani. Lakini kabla hatujaandamana, tutazame kilichotua Tanga mwaka uleule wa 1893. Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge. Asili yake ilikuwa Yucatán, Mexico. Ilipitia Florida, ikapitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu ilikuwa hai 62. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe, Kilosa na Morogoro. Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mpaka leo Tanga hujisifia mkonge kama mtu anavyojisifia babu yake. Tumewahi kuwalipa watu wa Yucatán chochote? Na muhogo je, na mahindi, na korosho, na karafuu za Unguja? Mtu anayekula ugali wa mahindi na kisamvu halafu akasimama kulaani safari za mimea ana kazi ya kujieleza.

Sheria nayo haitatusaidia. Mkataba wa Bioanuwai unaosema kwamba nchi ina haki juu ya mimea yake, na kwamba faida igawanywe, ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, yaani miaka mia baada ya ua letu kupanda meli. Itifaki ya Nagoya iliyoweka utaratibu wa kugawana ni ya 2010. Hakuna kifungu kitakachorudi nyuma hadi enzi za Wajerumani kumdai mtu. Wanaotuahidi kwamba siku moja hundi itakuja kutoka Ulaya wanatupotezea muda, na wakati tunasubiri hundi, kitu kilichobaki kinaondoka.

Kilichobaki ni kivuli. Ua limesafiri, kivuli hakisafirishwi. Huwezi kukifunga ndani ya sanduku ukakituma Hannover. Na ukitaka kujua jinsi tulivyokitunza, acha maua, fuata miti.

Wajerumani walikata msitu wa Usambara Mashariki kupanda kahawa katika miaka ya 1890, wakidhani kwamba msitu mkubwa kiasi kile lazima una udongo tajiri. Haukuwa nao, utajiri ulikuwa kwenye miti yenyewe na majani yaoazayo, na kahawa ikawashinda. Mwaka 1902 wakafungua taasisi yao ya kilimo na baiolojia Amani, wakajaza vilima miti ya majaribio kutoka pande zote za dunia. Waingereza wakaendeleza. Chai ikaja ikashika vilele. Baada ya uhuru tukaendelea wenyewe: miaka ya 1970 na 1980 magogo yalishuka Tanga kwa mitambo, na nchi iliyosaidia kiwanda na mashine ilikuwa Finland, rafiki yetu mkubwa. Kelele zilipozidi, ukataji ule ukasimamishwa, na katika miaka ya 1990 Finland ileile ikafadhili mradi wa kuuhifadhi msitu uleule. Sikejeli, kujirekebisha ni bora kuliko kung'ang'ania. Lakini naomba tukumbuke mpangilio huo wa mambo kila tunaposikia kwamba adui wa msitu ni mkulima mdogo mwenye panga.

Maana huyo ndiye anayesemwa siku zote. Mkulima wa iliki. Wanakijiji wa Usambara Mashariki walipanda iliki chini ya miti mikubwa, kwa sababu iliki nayo haitaki jua. Hawakukata miti mirefu mwanzoni. Walifyeka vichaka vya chini na kuacha paa. Kwa macho ya mtu anayepita barabarani bado ni msitu. Kwa macho ya ua letu mambo yameanza kuharibika, kwa sababu miche michanga ya miti haipo, na mti mzee ukianguka hakuna wa kurithi nafasi yake. Baada ya miaka udongo huchoka, iliki hupungua, mkulima huanza kutoa miti ili apande migomba, mdalasini, mihogo. Na pale paa lilipofunguka huingia Maesopsis, mti ulioletwa na mabwana misitu, ambao huota haraka na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja dhahabu: watu walimiminika kuchimba vijito vya Sakale, vijito vilevile ambavyo kingo zake ndizo makao ya mmea huu. Haya yote yametokea, na mimi siwezi kuandika utetezi wa msitu unaoficha kwamba mkono wa jirani yangu umo.

Lakini mkulima wa iliki alifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya. Iliki ilinunuliwa. Kivuli hakikununuliwa na mtu.

Ndipo tulipofika Derema. Hilo ni eneo la msitu linalounganisha vipande vya hifadhi upande wa Amani, lililojaa mashamba ya iliki ya wanakijiji. Hoja ya wahifadhi ilikuwa sahihi kisayansi: vipande vikiachana, viumbe vyake hufa polepole kama visiwa vinavyozama. Basi wakulima wakaambiwa waondoke. Iliki ikahesabiwa shina kwa shina, fidia ikalipwa kwa awamu, miaka ikapita, malalamiko yakaenda ofisi hadi ofisi, na wengine wakaahidiwa ardhi mbadala katika shamba la zamani la mkonge huko chini tambarare. Hebu litafakari hilo. Mtu ametolewa kwenye kivuli ili kivuli kibaki, akapelekwa kwenye jua la mkonge ulioletwa mwaka uleule ua la kwake lilipopewa jina la mtu mwingine. Mtunga hadithi angeandika hivyo angeambiwa anatia chumvi.

Kwa hiyo gharama ya kulinda makao ya ua hili imekwishalipwa, na inaendelea kulipwa. Wamelipa watu wa vijiji vya Muheza na Korogwe, kwa mashamba yao. Wasiolipa ni wawili, nao wote wananufaika.

Wa kwanza ni biashara ya maua. Najua sheria haiwashiki, nimeshasema. Lakini hawa ni watu wenye vyama, maonyesho, majaji, tuzo, magazeti, na upendo wa kweli kwa mmea wao. Nimewasoma, hawana unafiki katika upendo huo. Basi wauthibitishe. Kwenye kila chungu huwa na kijilebo cha plastiki kinachosema maji kiasi gani, mwanga kiasi gani. Liongezwe neno moja: Usambara. Na kila chungu kitozwe senti chache ziende, bila kupitia kikao cha kifahari mahali popote, kwenye vijiji vinavyopakana na misitu hii Tanzania na Kenya, kama malipo ya kazi ya kuacha miti isimame. Msaada ni jina lingine kabisa la fedha, tulikatae. Mfugaji akikulishia ng'ombe wako miaka mia na thelathini, ukimpa kitu humwambii umemsaidia.

Watasema wao hawana deni na msitu kwa kuwa mimea yao inazaliwa kwa jani la mwenzake. Ni kweli mpaka ugonjwa mpya uingie kwenye nakala zote zinazofanana, au mpaka mnunuzi achoke na sura zilezile na mfugaji wa maua atafute damu mpya: jani linalostahimili baridi, shina linalotambaa, rangi isiyokuwepo. Rangi ya njano imewahangaisha wafugaji wa ua hili kwa miaka mingi kweli kweli. Siku hiyo watayakumbuka makorongo yetu. Ni afadhali wayakumbuke yakiwa bado na kitu.

Wa pili asiyelipa yuko karibu zaidi, na hapa najua nitawaudhi watu ninaowapenda. Ni sisi wa mjini. Mto Zigi unazaliwa kwenye misitu ya Usambara Mashariki, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo unaingia kwenye mabomba ya Tanga. Kila anayefungua bomba Ngamiani au Raskazone anakunywa kivuli kilekile. Mwamba unaotiririka maji ambako ua limeshika ndio unaoyalisha mabomba yako kiangazi, mvua ikishasimama na vijito vya nyikani vikishakauka. Tunapolipa bili ya maji tunalipia bomba, dawa, umeme wa pampu na mshahara wa msoma mita. Tungeongeza shilingi chache kwenye bili hiyo, zikaandikwa wazi kwa jina, zikaenda kwa kijiji kwa hesabu inayobandikwa ukutani ofisi ya mtendaji kila mtu aisome, tungekuwa na haki ya kumwambia mkulima wa iliki aache miti. Kwa sasa tunamwambia bila haki hiyo, na anajua.

Najua jibu: maisha magumu, bili imeshapanda, tozo zimezidi. Sawa. Basi tukubali wazi kwamba tumechagua kumtoza yeye badala yetu, kwa sababu yuko mbali na hana mita.

Kuhusu jina, niliahidi kueleza kwa nini nawafuata Wajerumani. Mwaka 2015 wanasayansi, baada ya kulinganisha vinasaba, waliiondoa Saintpaulia kwenye daraja la jenasi na kuiingiza ndani ya Streptocarpus, neno la Kigiriki linalosema tu kwamba tunda lake limesokotwa. Jina la bwana mkubwa wa Tanga limeshuka cheo, na kwenye maduka wapo waliolalamika kwamba wamelizoea. Mimi sikulia. Kwenye majina ya pili, yale ya spishi na nususpishi, milima yenyewe imekuwa ikisema muda wote, ingawa kwa lafudhi ya Kilatini: teitensis ya Taita, tongwensis ya mlima Tongwe, shumensis ya Shume, magungensis ya Magunga. Jina la Kiingereza limefuta yote hayo na kuweka bara zima, kana kwamba ua lingeweza kutoka Sahara. Angalau jina la Kijerumani limeacha anwani. Mwenye deni akijua anwani hawezi kusema alikutafuta hakukupata.

Na watoto wetu je? Nimeuliza vijana wengi wa Tanga, wa mjini na wa mashambani, kama wanajua kwamba moja ya mimea inayopandwa zaidi ndani ya nyumba duniani inatoka milima wanayoiona wakitazama magharibi. Wachache walijua. Twiga wanamjua wote, na yupo kwenye kila kitu. Mwalimu wa baiolojia wa Muheza hahitaji bajeti kufundisha uchavushaji kwa ua hili. Anahitaji kibali cha kuwapeleka wanafunzi ishirini Amani asubuhi moja, na mwamba. Wataona kijiti kimepinda kulia, wataona kimepinda kushoto, watauliza kwa nini. Kule Taita, mwalimu anaweza kufanya vivyo hivyo chini ya Mbololo.

Wewe uliye na ua hili dirishani, Nairobi au Leipzig, sina ugomvi nawe. Litilie maji kwa chini, usiloweshe majani, liweke mbali na jua la mchana. Halafu geuza chungu usome lebo. Kama hakuna neno Usambara, mwandikie aliyekuuzia umuulize ni kwa nini, na kama atakujibu kwamba ua hili haliwezi kupotea kwa sababu limejaa kila mahali, muulize ni lini mara ya mwisho alipolihesabu kwenye mwamba.